Samli ya Mjomba Burito

Butiama, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Naomi,

Habari za Nyasura? Sisi wa huku tupo. Goti la Mama Bernado limepoa, ila anaendelea kuchechemea nikiwa karibu ili nisimtume. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mtama umevunwa na tumeanza kupura. Kifua changu kinaimba kama kinavyoimbaga kila msimu, lakini hayo ni makapi tu, si ugonjwa. Nakohoa, natema, naendelea.

Utashangaa kupata barua kama vile tuko enzi za marehemu mama yako. Simu yangu imetumbukia kwenye josho. Niliinama kumshika ndama, ikatoka mfukoni mwa shati, na sasa ndiyo simu pekee Butiama isiyo na kupe. Simu ya Mama Bernado sipewi. Anasema nina mikono ya josho. Mwanangu Bernado ameahidi kunitumia nyingine kutoka Mwanza. Mpaka hapo, barua zitapitia kwa mzee Hezron muuza mbegu, anayekuja Bunda kila gulio. Barua ina faida moja: mtu hawezi kunikatiza.

Sasa jambo lenyewe. Hezron ananiambia kwamba mwanao Esta anajikuna mpaka anatoa damu, na kwamba alipomwona alikuwa amevalishwa soksi mikononi. Kwa nini niambiwe na muuza mbegu? Basi. Nimekaa na shajara yangu nikalipanga jambo hili kwa utaratibu, kama nilivyo katika mambo yote ukiacha lile la josho. Swali: ni nini kimeingia katika ukoo wetu ambacho hakikuwemo? Jibu: samaki. Sisi ni watu wa maziwa na ugali wa mtama. Wewe ukaolewa na Paschal, mtu wa Bukima, ambako mtoto hulambishwa sangara kabla hajaota meno. Simlaumu Paschal. Nawalaumu samaki.

Kwa hiyo msimpe Esta samaki. Msimpe yai wala karanga, maana navyo vinasifika kwa kuwasha watu. Na kila jioni mpake samli iliyo kwenye chupa hii, ya ng'ombe wangu mwenyewe, hasa pale palipochubuka. Ngozi ya mjukuu wa wafugaji inataka samli. Mimi si daktari. Biolojia nilipata D kidato cha nne, lakini ilikuwa D iliyokaribia C, na mwalimu mwenyewe alisikitika.

Niandikie matokeo. Weka tarehe.

Mjomba wako,
Burito


Nyasura, Bunda, 3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Na Mama Bernado mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimezichanganya na zako. Paschal hajambo. Amepata kazi ya kuchomelea geti la mtu anayetaka simba wawili wa chuma juu yake. Simba wametoka kama mbuzi, na mwenye geti bado hajaambiwa. Pole ya simu.

Sikukuandikia habari za Esta kwa sababu nilijua utakaa na shajara. Ilianza mashavuni akiwa na miezi michache tu, ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Panakuwa pekundu, panatoa majimaji, halafu panakauka na kupasuka kama gome la mti. Kulala tunalala kwa zamu, mmoja anashika mikono yake. Nesi wa kliniki aliiita pumu ya ngozi, akanipa tyubu ya dawa ya kupaka. Lakini jirani yangu akasema dawa hizo ndizo wanazojichubulia watu uso, nami nikaiweka juu ya kabati. Nesi aliuliza pia kama katika ukoo kuna mwenye pumu, au mtu ambaye vumbi linamtesa. Nikamwambia kwetu hakuna. Ni kweli, Mjomba?

Nimefanya yote uliyosema, na habari ni njema. Tangu juzi ngozi imetulia. Viwiko vimekuwa laini mpaka Paschal alimshika mkono akadhani ni mtoto wa jirani. Shida ya samli ni sisimizi. Wanamfuata Esta kama waumini.

Jumapili iliyopita tulikwenda Bukima kumsalimu mama mkwe, Mama Adventina. Tulipokelewa vizuri. Zaidi ya hapo hakuna la kuandika.

Swali moja limebaki: bila samaki, yai wala karanga, huyu mtoto ale nini? Mimi niliyefika kidato cha sita nasimama jikoni na mwiko mkononi kama mgeni aliyepotea njia.

Mpwa wako,
Naomi


Butiama, 19 Machi 2024

Mpwa wangu Naomi,

Marahaba, na ile ya Mama Bernado nimeifikisha kama ilivyokuja. Mvua imeanza. Dume la ng'ombe mwekundu limepewa jina la Geti, kwa heshima ya simba wa Paschal.

Naomi, nilipoisoma barua yako niliinuka kitini. Nimeandika katika shajara, kwa wino mwekundu ambao huwa nauweka kwa ajili ya vifo na mavuno: DAWA IMEFANYA KAZI. Halafu nikaenda kusimama uani kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Habari imeenea. Jumapili baada ya misa jirani yangu Faustine alinivuta kando akanionyesha mjukuu wake mwenye upele, na mama mmoja wa Kanisa la Wasabato akanifuata hadi nyumbani. Wote nimewapa samli. Wananiita Daktari. Nimewakataza, lakini si kwa sauti kubwa.

Sasa tusilegee. Kwa kuwa kuondoa vitu vitatu kumesaidia, kuondoa cha nne kutasaidia zaidi. Mwachishe na maziwa ya ng'ombe, tujaribu mpaka Pasaka ipite. Najua ni ajabu mtu wa Butiama kuandika hivyo. Mama Bernado alikuwa anachambua choroko, akauliza, "Sasa mtoto atakula nini, barua zako?" Nikamwambia kuna uji. Akasema, "Uji wa nini?" Nikamwambia wa maji. Akarudi kwenye choroko zake.

Ile tyubu iache huko huko juu ya kabati. Na hilo jina la pumu ya ngozi wamelitunga. Pumu inakaa kifuani. Kuhusu ukoo, upande wetu ngozi zetu ni safi, angalia picha za harusi ya mama yako.

Mjomba wako,
Burito


Nyasura, 28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Mzee Hezron aliisahau kwenye mfuko wa koti la mvua, halafu mvua ikakatika, na koti likakaa msumarini mpaka mvua iliporudi. Lakini maagizo ya maziwa alikuwa amenipa kwa mdomo mwezi uliopita, kwa sababu ulimsomea. Kwa hiyo Esta hajanywa maziwa tangu wakati ule.

Imerudi, Mjomba, vibaya kuliko mwanzo. Sasa ipo shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Anakuna hadi anasinzia akikuna.

Kuna jambo sikuandika. Ile Jumapili ya Bukima, mama mkwe alimtazama Esta akasema huyu mtoto halii kwa ngozi, analilia jina. Akasema shangazi yake marehemu, Nyangeta, anataka kuitwa. Wakamkalisha, wakaita majina, akanyamaza kwenye la Nyangeta, wakampa. Kwa furaha wakampaka mafuta ya sangara juu ya samli yako. Ngozi ilipotulia, wewe uliandika kwa wino mwekundu na wao walichinja kuku. Sikutaka kumnyima mtu furaha yake.

Juma lililopita mama mkwe alifika hapa bila taarifa. Akamvua Esta nguo, akamgeuza mbele na nyuma.

"Nani anamwita Esta humu ndani?"

"Wote, Mama. Ndilo jina la ubatizo."

"Ndiyo maana. Marehemu kakasirika."

"Na samli je?" nikauliza.

"Samli inanuka. Marehemu alikuwa mtu wa ziwani, hajazoeaga ng'ombe."

Basi sasa tunamwita Nyangeta mchana na Esta jioni, tunampaka sangara asubuhi na samli usiku, na mimi katikati nimekuwa kama karani wa wakubwa wawili. Nacheka ninapoandika. Nikiacha kuandika huwa sicheki.

Mengine ni ya kawaida. Mwaka huu hatujanunua nguo za mtoto. Zile za mwaka jana bado zinamtosha kabisa.

Naomi


Butiama, 9 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi kwa habari za jina. Nikaandaa aya tatu kuhusu watu wanaoamini kwamba ngozi inasikia ikiitwa. Zilikuwa aya nzuri. Kuna mahali niliuliza kama nikiibadili simu yangu jina itatoka joshoni.

Halafu nikampa Mama Bernado barua aisome, ili acheke nami. Alifika kwenye mstari mmoja karibu na mwisho, akaiweka chini.

"Umesoma hapa?"

"Nimesoma yote."

"Pa nguo."

"Nimesoma. Wamebana matumizi, ni vizuri."

Alinitazama, Naomi, kama mtu anavyotazama ng'ombe aliyeingia kanisani. "Mtoto wa umri ule," akasema, "nguo za mwaka jana zinamtosha." Akarudia mpaka nikaelewa: mtoto hakui. Nilichukua muda. Zile aya tatu nimewashia jiko.

Mpe maziwa leo hii hii. Hapana, subiri, usifanye lolote nililosema mimi, hata hili. Mpelekeni Musoma. Mwalimu Edwin wa hapa amesema pale mtaa wa Mukendo kuna daktari wa ngozi anayefika mwisho wa mwezi. Mama Bernado atampigia Paschal simu leo mpange siku. Nami nitakuja. Nitasimama mwenyewe mbele ya daktari nieleze utaratibu nilioutoa na sababu zake, ambazo wakati ule zilikuwa nzuri.

Mtama wa mwisho bado unapurwa na vumbi ni jingi mwaka huu.

Burito


Nyasura, 29 Mei 2024

Mjomba,

Tulikusubiri stendi ya Musoma mpaka gari la Butiama likashusha mtu wa mwisho. Akashuka Mama Bernado peke yake na kapu. Akasema una kikao.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Daktari anaitwa Yunis, ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Kwanza alimpima Esta uzito, akafungua kadi ya kliniki. Mstari wake ulikuwa unapanda vizuri mwaka mzima. Tangu mwezi wa tatu umelala kama mtu aliyekata tamaa.

"Mnampaka nini?"

"Samli," nikasema.

"Na nini tena?"

"Mafuta ya sangara," akasema Paschal.

"Na anakula nini?"

"Uji."

"Wa nini?"

Nikasema wa maji. Akavua miwani. "Kwa hiyo chakula mnampaka nje, na tumboni mnampelekea maji. Nani aliwapa utaratibu huu?"

Nikasema ni mtaalamu mmoja wa Butiama. Mama Bernado akaangalia dari.

Hakutugombeza zaidi ya hapo. Alisema Esta alizaliwa na ngozi yenye nyufa ndogo sana, hazionekani kwa macho. Unyevu unatoka, na vumbi, sabuni na vitu vingine vinaingia. Kinga ya mwili inavikuta mahali visipotakiwa, inadhani ni maradhi, inaita jeshi zima. Jeshi likifika, ngozi inavimba na kuwasha. Mtoto anakuna, nyufa zinaongezeka, vinaingia vingi zaidi, jeshi linaongezwa. Nikamuuliza kama kinga ya Esta ni dhaifu. Akasema hapana, haina udhaifu wowote, ina haraka. Inapiga kabla ya kuuliza.

Na chakula, Mjomba. Kile ambacho mtoto anakula mapema, kinga inakizoea tumboni na kukiacha kipite. Kitu hicho hicho kikiingilia kwenye ngozi iliyochubuka, kinga inaweza kukiandika kuwa adui. Samli ya kienyeji ina mabaki ya maziwa ndani yake. "Mngeendelea," akasema, "mngeweza kumfundisha huyu mtoto kuyakataa maziwa maisha yake yote." Wapo watoto ambao chakula fulani kinawadhuru kweli, lakini hilo hupimwa, halikisiwi.

Nikamwambia lakini mwanzo ilisaidia. Akasema ugonjwa huu unapanda na kushuka wenyewe, na yeyote aliyefanya kitu siku chache kabla haujashuka atajiona mganga. Nilifikiria wino wako mwekundu. Nilimfikiria na kuku wa Bukima.

Kwa sababu Esta amekaa muda bila yai, alitaka ale la kwanza pale pale mbele yake. Paschal akatoka kununua la kuchemsha. Daktari akamega kipande kidogo mno, tukasubiri, akamega kingine. Tulimzunguka kama watu wanaongoja kutangazwa matokeo ya uchaguzi. Hakuvimba, hakutapika. Alichofanya ni kulia daktari alipofunga mkono. Alikuwa analilia yai, Mjomba. Alilipata lote, isipokuwa kipande kimoja ambacho Mama Bernado alikila kwa wasiwasi.

Ile tyubu ya nesi ndiyo dawa yenyewe. Inapakwa pale panapowaka tu, kwa siku alizoelekeza, kisha inaachwa. Na kila akitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka, anapakwa mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima. Sabuni ya mche basi. Ugonjwa hautaisha kesho, lakini kwa watoto wengi unapungua wakikua.

Mwisho aliuliza kama katika ukoo kuna pumu ya kifua au mafua ya vumbi, kwa sababu mara nyingi mambo haya yanatembea pamoja. Nikaanza kusema kwetu hakuna. Mama Bernado akanikatiza.

"Kuna mume wangu. Anapumuaga kama mlango wa zizi tangu nimeolewa. Hata leo hakuja kwa sababu kifua kimembana, ila kaniambia niseme ana kikao."

Mjomba, nilikuuliza mwezi wa tatu.

Naomi


Butiama, 16 Juni 2024

Mpwa wangu Naomi,

Nimeitafuta shikamoo katika barua yako, nikageuza na nyuma ya karatasi. Haikuwepo. Marahaba yangu nimebaki nayo.

Mama Bernado alirudi kutoka Musoma akanisimulia yote, halafu ikaja barua yako ikanisimulia tena, kwa hiyo nimehukumiwa mara mbili kwa kosa moja. Nastahili. Uliniuliza kuhusu ukoo, nikakutuma kwenye picha za harusi. Nilikuwa nimeshamwambia Faustine, katekista na foleni nzima ya mashine ya kusaga kwamba ni samaki. Ningewezaje kurudi kwenye foleni ile ile niwaambie imetoka kwenye kifua changu? Basi nikamwacha mtoto ale uji wa maji ili mimi nisiionee aibu foleni ya kusaga. Nimeuandika huo mstari kwenye shajara. Wino wa bluu. Nyekundu nimeiweka mbali, sijaaminika nayo.

Kwa siku kadhaa sikuelewa lile la chakula kupita mdomoni na kupita kwenye ngozi. Yai ni yai, nilisema. Halafu likatokea jambo. Unajua mimi ni katibu wa sungusungu. Wiki jana tulikuwa na tetesi za wezi wa ng'ombe, kila mtu yuko macho. Jioni nikaona mtu anapenya kwenye tundu la ua wa miiba wa zizi la Faustine, ana sanduku. Nikapuliza filimbi. Vijana wakamkamata, wakamfunga kwa mkanda wake mwenyewe, sanduku likatupwa huko. Alikuwa Bwana Mifugo. Amekuja kuchanja ndama, akaona mlango mbali, akakata njia. Mtu huyo huyo akipita mlangoni tunampaga kiti na maziwa. Alipitia kwenye tundu, tukamfunga kamba. Na tangu siku hiyo, hata akipita mlangoni, mbwa wa Faustine wanambwekea.

Nilikuwa bado nimeshika filimbi nilipoelewa. Mimi ndiye niliyekuwa natoboa ua wa Esta na kumpitisha Bwana Mifugo tunduni kila jioni, kwa kijiko.

Nimezunguka kuikusanya samli yangu. Mama wa Kisabato alishaipikia, ana akili kuliko mimi. Faustine alikataa kuirudisha, anasema mjukuu amepona. Nilimweleza kwamba ule upele ungepona wenyewe. Akasema, "Acha unyenyekevu, Daktari." Ndivyo nitakavyozikwa.

Nilikwenda pia zahanati. Nina pumu. Sina makapi, nina pumu, nayo ni ya siku nyingi. Wamenipa kipulizio. Mara ya kwanza nilikipuliza hewani mbele ya mdomo. Chumba kikapona, mimi bado. Sasa nimejifunza, na juzi nilipanda hadi kisimani bila kusimama kusalimia mti.

Jumamosi ijayo nitakwenda Bukima. Nimelitukana ziwa lao bure tangu mwezi wa pili, na lazima nimwambie Mama Adventina kwa mdomo wangu. Sijui kama atanisikiliza. Ila mtoto asipokula samaki kwa bibi yake kwa ajili ya neno langu, neno hilo lazima nilifuate mwenyewe nilirudishe. Muulize daktari kama samaki ameruhusiwa. Usiniulize mimi.

Mjomba wako, akiwa bado ni mjomba wako,
Burito


Nyasura, 18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nyingine hii hapa kwa ile iliyokosekana: shikamoo.

Kama barua imechelewa si Hezron, ni mimi. Kila nikishika kalamu nilikuwa naogopa kuandika habari njema, zisije zikasikia. Nimeona niandike tu.

Daktari alituruhusu kurudisha vyakula kimoja kimoja, maziwa kwanza. Karanga alisema tusubiri tumjaribu mbele yake, na tumefanya hivyo mwezi jana, salama. Samaki, Esta alimla Bukima, siku ile uliyokuja. Hukuona, ulikuwa umeshaondoka. Wewe na mama mkwe mlikaa pale uani mkibishana ni nani kaomba radhi vizuri zaidi, na ulipokwenda kuwahi gari, yeye alibaki anatazama mifupa ya sato kwenye sahani yako.

"Mjomba wako anakulaga kama katoka kifungoni," akasema.

"Alikuwa amejifunga mwenyewe, Mama."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akamkalisha Esta mapajani, akachambua miiba kwa vidole, akamlisha. Kabla ya kumlisha alinionyesha viganja vyake. "Nimenawa. Hakuna mafuta ya sangara. Daktari wenu asije akanisingizia." Mafuta ya mgando anampaka yeye mwenyewe, na anachosema kimoyomoyo kila akipaka ni jina la Nyangeta. Sijamkataza. Esta anaitika majina yote mawili, ya pili akitaka kitu.

Usidhani imekwisha. Majuzi upepo wa vumbi ulivuma, na nyuma ya goti la kushoto pakawaka tena. Mimi, msomi wa kidato cha sita, nilianza kutafuta nilimlisha nini, nikafungua makabati yote, nikamshuku hadi ndizi. Paschal aliniacha nimalize, halafu akanipa tyubu. Baada ya siku chache pakatulia. Nimejizuia kusema nani kaponya. Lakini nakuomba usiliandike kwenye shajara, kwa rangi yoyote.

Tunalala, Mjomba. Wote watatu, kwa wakati mmoja. Soksi zimerudi miguuni.

Geti la simba limepokelewa. Mwenyewe amewapenda, anasema siku zote alitaka mbuzi.

Mzee Hezron anakuletea furushi. Ni nguo za Esta za mwaka jana. Hazimwingii tena. Gauni la njano nililazimisha, likachanika kwapani, nikakaa chini na gauni mkononi nikalia, na Paschal akadhani nalilia gauni. Mpelekee mjukuu wa Faustine.

Ndani ya furushi utakuta na chupa yako, imeoshwa. Samli iliyobaki hatukuimwaga. Leo asubuhi nilimkaangia Esta yai kwa samli ile. Alimaliza, akalamba sahani, akanyoosha mkono kuomba jingine. Imeingilia mlangoni, Mjomba, na imepewa kiti.

Mpwa wako,
Naomi